Kromiamu: kijani cha kutegemewa, njano ya kuogopwa

Karibu kila kitu kinachojenga mji wa leo kimepita motoni kabla ya kufika mtaani. Saruji imechomwa hadi ikakaribia kuyeyuka, shaba iliyo ndani ya nyaya imetenganishwa na mawe kwa joto kali, na nyuzi zinazoimarisha boti na matangi ya plastiki zimevutwa kutoka kwenye kioo kilichoyeyuka. Mara chache tunauliza tanuri lenyewe limejengwa kwa nini, hata lisiyeyuke pamoja na kilichomo ndani yake. Katika baadhi ya matanuri magumu kuliko yote, jibu ni poda ya kijani kibichi iitwayo oksidi ya kromiamu, iliyoshindiliwa na kuchomwa mpaka ikawa tofali. Makala haya yanaitetea poda hiyo, lakini kwa sharti. Nashikilia kwamba oksidi ya kromiamu haina mbadala wa kweli katika kazi chache, kwamba katika kazi nyingine imeshapitwa na wakati na inapaswa kuondolewa, na kwamba mpaka kati ya kazi hizo huwekwa na kitu kimoja: mazingira yanayoizunguka inapokuwa motoni.

Tuanze na uwezo wake. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538 za Selsiasi. Alumina, ambayo ni malighafi ya keramiki nyingi za viwandani, huyeyuka kwenye nyuzi 2,050 hivi. Oksidi ya kromiamu hupita hapo, ikastahimili mpaka zaidi ya nyuzi 2,300. Atomi zake zimepangwa kwa mtindo uleule wa alumina, ndiyo maana vitu hivi viwili huchanganyika kwa urahisi. Yakuti nyekundu, kwa mfano, ni fuwele ya alumina ambamo kromiamu kidogo imechukua nafasi ya aluminiamu. Hata hivyo, kustahimili joto peke yake hakuifanyi kuwa ya pekee. Magnesia, yaani oksidi ya magnesiamu, huyeyuka kwenye joto kubwa zaidi, nayo ni rahisi kupatikana. Sifa inayoitenga oksidi ya kromiamu na wenzake ni kwamba haipendi kuyeyukia ndani ya vitu vingine. Kioo kilichoyeyuka hula karibu kila tofali linalokigusa, polepole, siku baada ya siku, na slagi, yaani masalia ya mawe yaliyoyeyuka yanayoelea juu ya metali, hufanya vivyo hivyo. Zote mbili zinapokutana na oksidi ya kromiamu, huchukua kiasi kidogo mno kisha hushindwa kuendelea.

Tabia hiyo tunaiishi nayo jikoni bila kuitambua. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alikifanyia kazi mwaka 1913, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hukutana na hewa ikaunda utando wa oksidi mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, na utando ukikwaruzwa hujitengeneza tena wenyewe. Maji, chumvi na ndimu hushindwa kuupenya. Kile ambacho sufuria inajivika kama utando, tanuri la kioo linajengewa kama ukuta mzima.

Kuujenga ukuta huo si kazi nyepesi. Oksidi ya kromiamu ikichomwa kwenye hewa ya kawaida hukataa kushikana vizuri, kwa sababu sehemu yake hugeuka mvuke kabla chembe hazijaungana, na tofali linabaki na matundu. Wahandisi waligundua njia mbili za kulimaliza tatizo hilo: kuchoma mahali penye oksijeni kidogo sana, na kuongeza oksidi ya titaniamu kiasi kidogo ili chembe zishikane. Kwa njia hizo hupatikana tofali zito, lenye oksidi ya kromiamu zaidi ya asilimia 90, ambalo kioo hakioni pa kuingilia. Lina udhaifu wake. Hupasuka likipashwa au kupozwa ghafla, kwa hiyo tanuri jipya huwashwa kwa uangalifu mkubwa na likishapata moto halizimwi ovyo. Pia hupaka rangi: kromiamu ikiingia kwenye kioo, hata kwa uchache, kioo huwa cha kijani, hivyo matofali haya hayafai kwa kioo cha dirisha au chupa nyeupe. Lakini nyuzi za kioo za kuimarishia plastiki hakuna anayezihitaji ziwe angavu kama dirisha, na kioo chake ni kikali sana kwa tofali la kawaida. Hapo ndipo oksidi ya kromiamu ilipopata makao. Mitambo 365 ya upepo iliyo karibu na Ziwa Turkana, nchini Kenya, yenye uwezo wa megawati 310, inazungushwa na mabawa zaidi ya elfu moja yaliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, na sekta ya nyuzi za aina hiyo hutegemea kwa kiasi kikubwa kuta za kromiamu.

Ushahidi mwingine unatoka mahali ambapo kosa dogo lingekuwa balaa. Katika eneo la Savannah River, jimbo la South Carolina, Marekani, kuna kiwanda kinachochanganya taka za nyuklia na kioo kilichoyeyuka, kisha kumimina mchanganyiko huo ndani ya makopo ya chuma kisichoshika kutu ili mionzi ifungwe humo. Kazi hiyo kwa taka halisi ilianza mwaka 1996. Tanuri lake limezungushiwa matofali ya alumina yenye kromiamu, ambamo oksidi ya kromiamu ni zaidi ya robo. Huwezi kumpeleka fundi ndani ya tanuri hilo kuziba ufa. Makadirio ya mwanzo yalikuwa tanuri moja lidumu miaka miwili; tanuri la pili lilifanya kazi kuanzia mwaka 2003 hadi 2017. Matofali hayawezi kupewa sifa yote, kwa kuwa uendeshaji nao ulikuwa makini, lakini ukuta unaoliwa upesi usingefika huko. Na hata oksidi hii ina mahali inaposhindwa. Katika mitambo ya kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi, ambako joto hufika baina ya nyuzi 1,300 na 1,600 na slagi hutiririka ukutani mchana na usiku, kuta zenye kromiamu nyingi zimekuwa zikichoka ndani ya miezi michache hadi miaka miwili. Ndizo zilizodumu kuliko nyingine.

Kuna matumizi ya tatu, ya joto dogo, ambayo huenda ndiyo yaliyo karibu zaidi na msomaji. Poda ya oksidi ya kromiamu hupulizwa kupitia mwale wa plazima, ikayeyuka hewani na kugandamana juu ya chuma kama gamba gumu. Shafti za pampu huvishwa gamba hilo pale zinaposuguana na sili, ili mchanga na kemikali visizile. Rola zinazopima wino katika mashine za kuchapia mifuko ya unga na maboksi huvishwa pia, kisha leza huchimba juu ya gamba vishimo vidogo mno vya kubebea wino. Kisu cha chuma hukwangua rola hiyo bila kupumzika, na vishimo vinabaki na kina chake. Joto la kazi hapa halitoshi kuibadili oksidi, na baada ya kupulizwa, kromiamu hutulia pale ilipo. Hatari ipo kwa fundi anayepuliza, ambaye mwale huo unamtengenezea moshi asiopaswa kuuvuta; nje ya chumba chake cha kazi gamba hili halina ugomvi na mtu.

Mpaka hapa nimeizungumzia oksidi ya kijani tu, ambamo kila atomi ya kromiamu imefungwa kwa nguvu ya tatu. Tuiite kromiamu-tatu. Kuna hali nyingine, kromiamu-sita, na hiyo kwa kawaida ni ya njano au nyekundu, mara nyingi huyeyuka ndani ya maji, na mwili huichukua kwa urahisi. Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin, aliyeigundua kromiamu mwaka 1797, aliipata katika madini mekundu ya risasi kutoka Siberia ambamo ilikuwa katika hali ya sita. Baadaye akaikuta tena ndani ya zumaridi, ambamo ni ya tatu na ndiyo inayolipa jiwe hilo rangi yake ya kijani. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka kromiamu-sita katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, na kromiamu-tatu haikuwekwa humo. Atomi ni ileile. Tofauti ni elektroni tatu ambazo oksijeni imezinyakua.

Unyakuzi huo unahitaji mambo matatu kukutana: joto, oksijeni, na kemikali za kialkali kama potasiamu, sodiamu au chokaa. Tazama sasa ndani ya tanuri la saruji. Mchanganyiko wa chokaa na udongo huchomwa hapo mpaka nyuzi 1,450 hivi ili kupata klinka, yaani madonge yanayosagwa kuwa saruji, na kwa miongo mingi sehemu yenye joto kali zaidi ilijengwa kwa matofali ya magnesia na kromiamu. Yalipendwa kwa haki. Yalivumilia tanuri linalozunguka na kujikunja, na klinka iliganda vizuri juu yake ikafanya ukoko unaoukinga ukuta. Lakini malighafi na makaa huleta potasiamu na salfa, gesi zake hupenya ndani ya tofali, oksijeni ipo, joto lipo. Matokeo yake ni kromati ya potasiamu, chumvi ya njano. Wabomoaji wa matanuri katika nchi nyingi wameifahamu kwa macho kabla ya maabara: tofali lililoingia likiwa la kahawia hutoka likiwa na madoa ya manjano.

Hesabu ya chumvi hiyo inatisha. Lita moja ya maji ya kawaida huweza kuyeyusha zaidi ya gramu 600 za kromati ya potasiamu. Katika kila gramu moja mna takriban miligramu 268 za kromiamu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.05 za kromiamu kwa lita. Gawanya, utaona kwamba gramu moja tu, ncha ya kijiko, inatosha kulifikisha kwenye kikomo tanki zima la lita 5,000, lile ambalo kaya nyingi zimeliweka uani. Na tofali la tanuri halina sura ya sumu. Likitolewa bado ni zito, zima, la kutamanika. Mtu anaweza kulichukua kwa nia njema kabisa akajengea jiko, akajazia shimo, au akaliacha kwenye rundo nje ya ua wa kiwanda mpaka masika ifike. Mvua ndiyo itakayolifua. Kisima kilicho chini ya mteremko hakijui rundo lile lilikuwa mali ya nani.

Madhara ya kromiamu-sita majini si jambo la kukisia. Katika mji wa Hinkley, California, kampuni ya gesi na umeme iliitumia kuzuia kutu kwenye minara ya kupozea, maji machafu yakaingia ardhini, na mwaka 1996 kampuni hiyo, Pacific Gas and Electric, ilikubali kuwalipa wakazi dola milioni 333. Ngozi nayo ina ushahidi wake. Kromiamu-sita iliyomo kwenye saruji yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na malighafi na kwa sehemu na matofali na vyuma vya kusagia, husababisha mzio unaopasua mikono ya mafundi waashi, na mtu akishaupata mzio huo huwa nao maishani. Denmark ilianza mwaka 1981 kuongeza salfeti ya feri kwenye saruji ili kuirudisha kromiamu katika hali ya tatu, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha wajenzi wenye mzio wamepungua. Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha sehemu mbili kwa milioni, kilichoanza kutumika Januari 2005.

Mtu atasema basi tuimalize shughuli, tupige marufuku kromiamu katika matanuri yote. Ni pendekezo lenye huruma ndani yake, na bado nalikataa. Chukua shaba. Mjini Lubumbashi, ambako shaba ya kwanza ilimiminwa mwaka 1911, na leo karibu na Kolwezi, ambako kiwanda cha Kamoa-Kakula kimebuniwa kutoa tani 500,000 kwa mwaka, slagi ya tanuri la shaba ni ya chuma na silika, nyepesi, inayopenya kila kitundu. Tofali la magnesia tupu huliwa nayo haraka. Fuwele za kromiamu ndani ya tofali ndizo zinazoizuia, na mpaka sasa hakuna kilichozipita kwa bei na uimara kwa pamoja. Tena slagi hiyo haina wingi wa potasiamu na chokaa ulio katika tanuri la saruji, hivyo moja kati ya masharti matatu ya unjano hudhoofika sana. Ukiondoa kromiamu hapo, utabomoa na kujenga ukuta mara nyingi zaidi, utatupa matofali mengi zaidi, na mafundi wataingia mara nyingi zaidi ndani ya tanuri lenye vumbi na gesi ya salfa. Marufuku inayoongeza idadi ya matofali yanayotupwa haijamkinga mtu.

Upande wa pili wako wanaosema hofu hii imekuzwa, kwamba kromiamu imo kwenye udongo, kwenye sufuria na hata kwenye chakula, na hakuna anayekufa. Wanasema kweli kuhusu kromiamu-tatu, kisha wanaihamishia kweli hiyo mahali isipohusika. Cheti kinachosema tofali jipya ni salama kinaeleza hali ya tofali siku linapofungwa kwenye godauni. Hakisemi neno kuhusu tofali hilohilo baada ya mwaka mmoja ndani ya moshi wa potasiamu. Anayetaka kujua usalama wa tofali apime lile linalotoka, akilisaga na kulilowesha majini, kisha apime maji. Kipimo hicho si kigeni kwa maabara zetu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la gharama, kwa sababu saruji ikipanda bei anayeumia ni anayejenga vyumba viwili. Lakini katika saruji mjadala huu umeshapata majibu kwa vitendo. Tangu miaka ya 1980 viwanda vya Ulaya, Japani na Amerika Kaskazini vimehamia kwenye matofali yasiyo na kromiamu: ya magnesia na spineli ya alumina, au yenye spineli ya chuma, au ya dolomaiti, na saruji ya huko haikukoma kuzalishwa. Matofali hayo yalikuwa na kasoro zake, hasa katika kushika ukoko wa klinka, na zimerekebishwa kwa kiasi kikubwa. Anayelinganisha bei ya tofali kwa tofali anaacha nje gharama ya kulihifadhi tofali la njano mahali pakavu, kulisafirisha, na kulitibu. Gharama hiyo haifutiki kwa kutoandikwa kwenye vitabu. Hulipwa na watu wa kisimani.

Iko pia hesabu ya mwanzo wa safari, ambayo watetezi wa kromiamu, nikiwemo mimi, hatuna ruhusa ya kuiruka. Oksidi hii ikiwa tupu ni adimu mno katika asili. Madini yake yalitambuliwa Outokumpu, Finland, yakapewa jina la mwanajiolojia Pentti Eskola. Dunia huipata kwa kuchimba kromaiti, ambayo Afrika Kusini inaongoza kwa kuizalisha. Kromaiti huchomwa pamoja na magadi ya viwandani penye hewa, ikawa kromati ya njano, ikasafishwa, kisha ikarudishwa kuwa kijani. Yaani kila kilo ya poda safi salama imepita kwanza katika hali ya sumu, kwenye kiwanda fulani, mbele ya wafanyakazi fulani. Hiyo inatosha kutufanya tuitumie pale tu inapohitajika kwelikweli.

Afrika Mashariki ina matanuri ya saruji ya kutosha kulifanya jambo hili kuwa letu: Wazo Hill, Tanga, Mbeya na Mtwara; Bamburi na Athi River; Hima na Tororo. Sheria ya kusimamia mazingira Kenya iliipata mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, na Mkataba wa Basel wa 1989 umeitaja kromiamu-sita miongoni mwa taka zinazopaswa kudhibitiwa zisivuke mipaka kiholela. Kinachohitajika sasa ni kidogo na kinawezekana. Kila kiwanda chenye tanuri kitangaze aina ya matofali kinayoyatumia, uzito unaotolewa kila ukarabati, na mahali yanapopelekwa. Matofali yenye kromiamu yanayotoka kwenye saruji yahifadhiwe chini ya paa, yasigawiwe wala kuuzwa kwa wajenzi, na yatibiwe kwa salfeti ya feri au kwa kuchomwa pamoja na kaboni bila hewa, njia ambazo huirudisha njano kuwa kijani. Mafundi wanaoyabomoa wapewe barakoa za vumbi zinazofaa na maji ya kunawa kabla ya kula. Wataalamu wa mamlaka za mazingira, NEMC ya Tanzania na NEMA ya Kenya, pamoja na wenzao wa nchi jirani, wapime visima vilivyo karibu na marundo ya zamani, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji au mtaa ambako watu wanayaona. Na wewe unayeishi jirani na kiwanda, ukipewa tofali zito la tanuri kwa bei ya bure, usilichukue mpaka uambiwe limetoka tanuri gani na limepimwa lini.